Uji wa Nasike

Kayole

Jacklyne mjukuu wangu,

Huku tu wazima, ila mifereji imekauka tena. Nikikupigia simu unasema uko mkutanoni, basi soma.

Nani alikutuma uajiri msichana wa kumwogesha na kumlisha Nasike, jirani yangu aliyepooza, kazi niliyokuwa nikiifanya mimi? Eti unaniambia mimi bibi yako, "Dani, pumzika, kwanza hata hulipwi." Nilikulilia malipo? Nasike ana mdomo mchafu. Husema maji yangu ni baridi, mkono wangu mzito, uji wangu una madonge. Lakini kila asubuhi nilijua kuna mtu ananingoja, hata kama ni wa kunitukana.

Tangu huyo msichana aje, nakaa kitini natazama ukuta mpaka magoti yamekataa kunyooka. Na wewe, mtaa wa Fedha unakoishi ni hapo tu, hujakanyaga hapa tangu Pasaka.

Leo nimepanda ngazi hadi kwa Nasike na sufuria yangu ya uji. Msichana akaniambia Nasike anafunga mdomo, hataki kulishwa. Nasike kuniona tu, akafoka, "We Benta, ulikuwa umekufa?" Akanywa kikombe kizima, akasema uji una madonge.

Mtafutie huyo msichana kazi kwingine. Mgonjwa huyu ni wangu.

Mimi Dani yako nisiyetaka kupumzishwa,
Benta