Mchezaji wa Kuazima

Chumba cha juu, nyuma ya duka la dobi,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa vizuri, na lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Sisi huku tu wazima. Baba Mlingoti bado anaendesha lori la saruji na bado anakoroma kama hilo lori. Mtoto mdogo ameota meno ya juu, na anayajaribia kwenye bega langu. Mimi niko pale pale kwa dobi, napiga pasi mashati kutwa nzima, mkono wa kulia umekuwa kama wa mpiga ngumi.

Mlingoti wangu ana miaka kumi tu na ameshafika begani kwangu. Urefu huo ndio uliotuponza, na hadi leo sijatulia.

Unakumbuka nilivyokuandikia kwamba tangu tuhamie mtaa huu alikuwa hasemi na mtu, akitoka shule anakaa dirishani. Basi mwoka mikate wa hapa chini alianzisha timu ya mpira wa pete ya wasichana wadogo, akamchukua. Mama Mdogo, mtoto alibadilika. Alianza kuimba bafuni. Wamo kwenye ligi ya watoto, daraja la chini, na Jumamosi wanapanda basi kwenda kucheza miji mingine. Kufungwa wanafungwa sana, lakini wanarudi wakicheka.

Sasa mtaa una timu nyingine ya wasichana wa umri huo huo, ya daraja la juu, wale wa vikombe. Mwezi uliopita kocha wao alikuja dukani kuchukua suruali zake, akaniambia mfungaji wake ana homa, nimwazime Mlingoti mechi moja. Mwoka mikate akasema sawa, baba yake akasema sawa, nami nikasema sawa, tena suruali nikamkunjia vizuri. Huku tunaazimana ngazi, tunaazimana pasi, hata sufuria kubwa. Tukaona mchezaji naye ni hivyo hivyo. Aliingia robo ya mwisho, akafunga, tukapiga makofi.

Jumamosi iliyofuata akavaa jezi yake ya daraja la chini, na mwamuzi akamtoa uwanjani kabla ya filimbi. Alisema haruhusiwi. Nilidhani ananitania.

Nikaomba ruhusa kazini nikaenda kwa katibu wa ligi. Ofisi yake iko juu ya duka la matairi, hata kiti kinanuka mpira. Kumbe kuna sheria: mtoto akishacheza daraja la juu, hata mara moja, harudi chini mpaka msimu uishe, ili makocha wasiteremshe mafundi kuja kuonea wanyonge. Nikamwambia wangu aliingia robo moja tu. Akanijibu, "Mama, hata angeingia kufunga kamba za viatu."

Nikasema basi achezee hao wa juu. Nikampigia kocha wao hapo hapo. Alisema siku ile mtoto aliingia kwa nafasi ya mgonjwa, na mgonjwa amepona. Wachezaji wake kumi na wawili wametimia na ligi hairuhusu zaidi. "Samahani sana, dada," akasema, "kwa kweli alitusaidia."

Yaani mwanangu ni wa daraja la juu kwa kukatazwa, lakini kwa kucheza si wa mtu yeyote. Nilishuka zile ngazi nimeshika ukuta. Nilipomweleza, hakulia. Alirudi dirishani, na hapo mimi ndiye niliyelia.

Mwoka mikate aliposikia akaenda mwenyewe kwa katibu, akarudi na njia moja. Timu nzima ipande daraja la juu. Hapo Mlingoti atakuwa hajashuka popote, na anaweza kuandikishwa pamoja na wenzake. Lakini lazima wazazi wakubali, na timu ikishapanda haishuki msimu huu.

Tukakutana kwenye chumba cha kuokea, sisi tumesimama katikati ya magunia ya unga, watoto wamekaa juu ya kreti. Mke wa kinyozi, ambaye binti yake ndiye mlinzi wetu, hakunificha. "Wangu si ngazi ya wako kupandia," aliniambia mbele ya watu. "Watoto wote wakapondwe kila Jumamosi kwa ajili ya mmoja?"

Alikuwa na haki. Nilifungua mdomo niwaambie tuache, mwakani si mbali. Ndipo binti yake akasema kutoka kwenye kreti, anatafuna mkate, "Kwani mama, huku chini hatupondwi?"

Watu walicheka mpaka unga ukapeperuka. Mke wa kinyozi alijikaza, akashindwa, akacheka naye. "Haya twendeni," akasema, "lakini aibu yote abebe mwoka mikate." Wakakubali wote. Mama Mdogo, nilishtuka kuliko siku ya katibu. Watu hawa mwaka jana hata majina yetu hawakuyajua.

Jana tulicheza mechi ya kwanza huko juu, ugenini. Sitakudanganya, tulipondwa. Wale wasichana wanakimbia kama wamekanyaga makaa. Mlingoti alifunga machache, akaanguka, binti wa kinyozi akamwinua, wakaendelea. Mwishoni mama mmoja wa wenyeji akatuuliza, yule mrefu ni wa nani. Nikavuta pumzi nijibu. Mke wa kinyozi akaniwahi. "Ni wetu," alimwambia, wala hakunitazama, akaendelea kumenya machungwa ya watoto.

Nisalimie Mjomba fundi saa na mkewe, na Bibi umwambie mjukuu wake sasa anasema mpaka tunamwomba anyamaze. Mungu akulinde huko uliko, akupe goti jepesi na usingizi mtamu, atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi mwanao, mwenye kukupenda sana,

Mama Mlingoti