Walivyokufungia Geti huko Ayalandi

Mke wangu mdogo Nora,

Umeamkaje huko Ayalandi? Sisi hapa mjini Adelphi tupo. Bibi yako analia na magoti, baba yako ni kazi tu. Alitaka kuniandikia barua hii, nikakataa. Herufi zangu ni kubwa kama ng'ombe lakini ni zangu.

Unauliza kwa nini ndugu wa mama yako walikufungia geti la shamba lao, na wewe uliwaonyesha karatasi yenye majina ya ukoo wote. Ni hayo majina, mjukuu wangu.

Nikiwa kijana nilimfuata baba yangu mkubwa, aliyehamia ng'ambo ya ziwa. Shida za njiani tuziache. Nilikuta amekufa, wanawe wanalima. Nikasimama uani nikawataja mababu zetu wote bila kukosea hata mmoja. Mpaka leo hakuna wa kunishinda. Mkubwa wao akashika panga.

"Kumbe unawajua kuliko sisi! Umekuja kugawana shamba?"

Kwetu anayedai shamba huanza hivyo hivyo. Nilikasirika, nikaondoka bila hata kuliona kaburi. Nikasema watanifuata wao.

Vita vikapita pale. Katika nyumba ile hakubaki mtu.

Rudi kwao kabla ya safari yako ya kurudi. Karatasi iache unakolala. Waambie hutaki shamba, unataka kuona wazee walikozikwa tu. Wakifunga tena, kaa hapo getini.

Mimi sikukaa.

Babu yako