Wenyeji Tupo Tayari

2 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai mgongo umekuachia na unalala. Mimi mzima wa mwili. Mengine utayapima mwenyewe. Naandika kwa karatasi kwa sababu tangu mazishi simu zetu huishia kwenye kupumua tu, wewe kule, mimi huku.

Unaikumbuka ile kazi yangu ya kujitolea unayoiita shamba lisilo na mavuno? Watu wa nchi nyingi tunaandika programu za kompyuta na kuzigawa bure, na mara moja kwa mwaka tunakutana katika mji mmoja. Safari hii mimi ni katibu wa kamati inayochagua mji huo. Kila mji unaoomba una ukurasa wake mtandaoni: ukumbi, vitanda, jina la mwenyeji. Ukurasa usipoguswa na mwenyeji kwa wiki mbili, unafutwa. Miji ilikuwa kumi na mmoja. Imebaki miwili.

Mmoja ni wetu. Mwenyeji ni Kaka.

Aliuandika kabla hajafa, kwa jina lake la mtandaoni, Mchwa. Nilidhani ulishafutwa. Lakini kila Jumatatu, saa tatu asubuhi ya huko nyumbani, mstari mpya unaingia: "Mchwa: Wenyeji tupo tayari." Ana miezi minane kaburini, Mama. Wajumbe wanamsifu kwamba hajakosa hata wiki moja. Hawajui kuwa ni kaka yangu, wala kuwa hayupo.

Nani anaingia chumbani kwake?

Kitindamimba wako

14 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, tumeshazoeana. Kula. Najua huli, hata mwandiko wako umekonda.

Anayeingia ni mimi. Kompyuta yake sikuizima. Siku walipomtoa ilikuwa inawaka, nikasema ataizima mwenye nayo. Nafuta vumbi, nafunga pazia, natoka. Ila Jumatatu sitoki. Nakaa na chai kwenye kiti chake, na ikifika saa tatu kamili feni ya ndani inavuma, taa ndogo ya kijani inapepesa, kisha kimya. Kama mtu anayekohoa ili ujue yupo. Miaka thelathini nilikuwa mpiga chapa, vidole hivi havijui kukaa bure mbele ya herufi, lakini pale naviweka mapajani.

Kwa hiyo wageni wanakuja? Nilipita kwa msimamizi wa ukumbi wa chuo. Akasema, "Kijana wako alishashika nafasi, mama," kisha akatazama kalamu yake muda mrefu. Hapo kwenye vitanda, kaka yako aliandika nini? Mashuka nimeshafua.

Mama yako

23 Februari

Mama,

Shikamoo. Pole na mgongo. Nimekula.

Aliandika: "Kwa mama yangu, vitanda vitatu. Anakoroma, ila ni mkarimu."

Nimechunguza. Ni programu ndogo aliyoitengeneza, mistari saba, inayougusa ukurasa kila Jumatatu ili yeye asihangaike. Si yeye. Nimejiambia hivyo mara nyingi.

Kuna jambo sijakwambia. Ile sheria ya wiki mbili niliitunga mimi, na niliitunga kwa ajili yake. Alikuwa hajibu barua za kamati, tukagombana, nikamwandikia, "Ukimya nao ni jibu." Hakunijibu. Kesho yake ndipo akaandika hiyo programu. Tarehe ipo, nimeiona. Siku kumi baadaye akafa. Sasa ananijibu kila wiki.

Kura ni tarehe 30 Machi, na mji wetu utashinda. Watu mia nne watakata tiketi kwenda kwa mwenyeji ambaye hayupo. Nakuomba uizime. Ukurasa utajifia wenyewe, nami sitalazimika kusema lolote mbele ya watu.

Mwanao

7 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Sikuizima. Unataka nimzibe pumzi mwanangu ili wewe usitamke neno moja. Ulikuja mazishini siku mbili, ukasimama mlangoni pa chumba chake na begi mkononi kama mtu aliyepotea nyumba. Hukuingia. Nikakusitiri kwa shangazi zako, nikasema una homa. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kwako kilio kimeshapita, bado unaficha.

Hao wajumbe wana masikio. Waambie.

Mama yako

30 Machi

Mama,

Shikamoo. Sikukuandikia wiki zote hizi kwa sababu nilikuwa sijawaambia. Kila kikao nilifungua mdomo, nikasoma ajenda.

Leo nilikaa mbele ya ukurasa. Saa tatu ya huko ikafika. Hakuna mstari. Saa tatu na robo, hakuna. Ndicho nilichokuomba, lakini nikajisikia nikisema kwa sauti, peke yangu, "Kaka, usinifanyie hivi." Saa tatu na dakika arobaini ukaingia, mrefu, umepigwa bila kosa hata moja:

"Mimi ni mama yake Mchwa. Mwanangu alifariki mwezi wa sita. Mashine ndiyo iliyokuwa ikisema, nami nilipenda kuisikiliza. Leo nimechomoa waya wa mtandao hadi saa tatu ikapita, kisha nimeurudisha ili niseme mwenyewe. Mwenyeji hayupo. Vitanda vitatu vipo. Sikoromi."

Kikaoni mwenyekiti aliusoma mara mbili. Akauliza, "Kuna anayemjua huyu mama?"

Nikasema, "Ni mama yangu. Mchwa ni kaka yangu."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Kura zote zikaenda mji ule mwingine. Ukatibu nimeuacha. Wamenibakizia kazi moja, kuufuta ukurasa wetu, nami nimeomba wiki moja.

Waya umeurudisha, Mama. Kwa hiyo Jumatatu ijayo feni itavuma tena. Nimeshakata tiketi. Nitandikie kitanda kimoja kati ya vile vitatu, na kiwe cha chumbani kwake. Safari hii nitaingia. Saa tatu tutakaa pamoja, nimsikilize mara moja nikiwa karibu, nimjibu, halafu tuizime wote wawili.

Mwanao