Papa, Ile Muscadet ya Jumapili

Papa yangu,

Maman amenieleza jambo kuhusu wewe, nami nimeshtuka hata nimekosa wa kumlalamikia isipokuwa wewe mwenyewe, ambaye tumeshakuzika na huwezi kunijibu.

Unakumbuka nilipopata kazi katika duka la divai kule Auderghem, hapa Brussels? Nilikuwa sijui lolote. Kila Jumapili baada ya misa nilibeba chupa hadi kwenu, mtaa wa Forest, tuijaribu na chakula cha Maman. Wewe, bado umevaa shati la kanisani, ulinisukumia glasi ukisema, "Onja kwanza weye." Nilidhani unafuata desturi ya kwetu Lubumbashi, kwamba anayeleta kinywaji hufungua chupa mbele ya watu na kutangulia kukinywa, ili wote wajue ni salama. Nilicheka kimoyomoyo. Nani angemtilia sumu baba yake kwenye meza ya mama yake?

Siku ya Muscadet, ile divai nyeupe, ndiyo siisahau. Nilikueleza kwamba inatoka upande wa Nantes, pale mto Loire unapokaribia bahari, na kwamba huachwa miezi juu ya mashapo yake ili ipate ule uchachu mwepesi na kachumvi kwa mbali. Wafaransa huinywa na chaza. Hapa Brussels watu huipenda na kome na chipsi. Maman alikuwa amekaanga samaki wa thomson, yaani vibua, mpaka ngozi inavunjika mdomoni, na ndimu pembeni. Nikaonja. Nawe ukanywa, ukafumba macho kama padri, ukatoa hukumu: "Hii inapenda samaki." Kisha nikaijaribu na sombe, kisamvu chetu chenye mafuta ya mawese, na kabla wewe hujameza ulikuwa umeshatikisa kichwa. Ukasema sombe inaikataa. Ilikuwa kweli, maana mdomoni ulibaki uchungu mtupu.

Dukani niliwaambia wateja kwamba ulimi huu nimeurithi kwa baba yangu, fundi wa kiwanda cha magari. Walipenda sana kusikia hivyo.

Sasa Jumamosi tunaanua matanga yako, na mimi ndiye niliyepewa vinywaji. Wiki nzima nimesimama mbele ya rafu zile zile ninazouzia, nikishika chupa na kuirudisha, kwa sababu hakuna wa kuniambia ndiyo. Jana nikamwambia Maman nitaagiza bia na soda tu, yaishe. Akazima jiko, akaketi.

"Papa yako hakukuwa anasikia tena goût ya kintu, depuis korona," akasema. "Hata chumvi. Alikuwa anaangaliaka sura yako, njo anasema."

Papa. Kumbe tangu korona hukupata ladha yoyote, ukawa unausoma uso wangu tu, chupa zote zile? Hata keki ya harusi yangu, uliyoomba uongezewe? Nilimwuliza Maman kwa nini hukuniambia. Akasema uliogopa nitaacha kuja na chupa zangu, na Jumapili ndiyo siku uliyokuwa ukiingoja. Nilikasirika, na nililia pia, sijui kipi kilitangulia. Imeniuma kwamba ulikaa nasi mezani bila kupata ladha ya chochote, huku ukimwambia Maman leo amepika hasa. Na nimeogopa, kwa sababu kama hukumu zile hazikuwa zako, basi zilikuwa zangu, nami sijawahi kujiamini.

Maman hakunibembeleza. Aliwasha jiko tena, akakaanga thomson, akaniwekea glasi moja. Unajua yeye hagusi pombe tangu ujana wake. Nikafungua Muscadet. Mkono ulienda wenyewe kuisukuma glasi upande wa kiti chako, nikaurudisha. Nikaonja, nikala samaki, nikaonja tena.

Maman alikuwa ameegemeza shavu mkononi, ananitazama usoni.

"Bon," akasema. "Inapenda samaki."

Leo asubuhi nimeagiza katoni za Muscadet, bila kumwuliza mtu. Pumzika, Papa. Jumamosi nitafungua chupa ya kwanza mbele ya wote, karibu na picha yako, na wewe utaniangalia.

Binti yako,
anayeonja kwanza