Ile Laini ya Kisaju Si Barabara

Dada Nekesa,

Mulembe! Huku Kajiado vumbi inaonja chai kabla yako.

Jana nilileta viti za kukodisha kwa shule moja, walikuwa na siku ya sayansi. Hii picha iko mbele ya kadi ilikuwa ukutani, kubwa kama pazia. Nikajifanya broker wa maana, nikaambia wazazi, "Hii ni Kisaju! Nimeuza ploti hapa, na hii laini ni barabara."

Mwalimu, mama mmoja Mmasai, akaniuliza, "Uliuzia nani, malaika? Hiyo ni sayari ya Mars. Imepigwa picha na chombo inazunguka huko juu."

Watu walicheka, na mimi nikacheka kuwashinda. Halafu akaonyesha ile laini na kidole. "Ona inatoa matawi kama mti. Barabara haikuangi hivyo. Hapa maji ilipita zamani."

Nekesa, kicheko ilinikauka. Ile picha ya setilaiti nilikutumia ya ploti yako ya kujengea Mama, ile laini nilikuapia ni barabara, iko na matawi. Sikuwa nimewahi kufika hapo na miguu.

Wakati wa kurudi Kitengela nikashuka Kisaju, nikaenda kuona. Ni mto mkavu, mchanga mtupu. Maji ya Mars iliisha, lakini ya huku inarudi na mvua.

Tafadhali fundi asichimbe msingi. Nitamwendea mwenye shamba akubadilishie ploti, hata akinifukuza na rungu.

Mungu awaweke. Mama akiuliza nyumba yake, mwambie ukweli. Mimi nimejaribu kumpigia simu mara tatu, nikakata kabla ashike.

Ndugu yako,
Wafula