Kikopo Ulichonipa

Mpwa wangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa: marahaba sana. Habari za kazi huko maabara? Mumeo hajambo, na yule mtoto wenu mwenye sauti ya king'ora? Sisi wazima. Mke wangu anakusalimu, anasema siku hizi nakula kama niliyetoka kifungoni.

Nakuandikia kukushukuru, maana kwenye simu ningeingiza mzaha. Dawa za siku kumi na nne nimezimaliza bila kuruka hata moja. Vidonge vikubwa kama vifungo vya makochi ninayoshona, nami nikivimeza vitatu kwa mpigo, hadi muuza dawa akakiri hajawahi kuona koo la namna hii. Juzi nimepimwa tena, wadudu hawapo. Nadhani waliona nimekasirika wakahama wenyewe.

Uliponipigia kunipa majibu ya kipimo cha choo ulinituliza, ukasema karibu nusu ya watu wana bakteria hao tumboni na wengi hawasikii kitu, ila wengine huchimbwa vidonda, na miaka ikipita wachache hupata hata saratani. Nilikujibu sawa mwanangu, nimeelewa. Sikukuambia kilichonikausha mate.

Choo kile hakikuwa changu. Kilikuwa cha Chuma, mwenzangu wa karakana, tunayemwita hivyo kwa sababu hajaugua tangu tufahamiane.

Babu yako tulimzika kwa ugonjwa wa tumbo, unajua. Na mimi miezi mitatu nilikuwa napata choo cheusi kama lami, nikimficha mke wangu. Uliponipa kikopo nikuletee choo ukipime, niliogopa kusoma jina langu kando ya ugonjwa ule kwenye karatasi ya majibu. Nikamwomba Chuma akijaze yeye. Alicheka hadi akaketi juu ya misumari, akasema haya, atanisaidia kwa mzigo wa mwanaume kamili.

Sasa umwambieje mtu aliyekuazima choo chake kwamba ni kibovu? Nilipomwambia, kwanza alidai nimekiharibu njiani. Kisha akakiri kwamba mwaka mzima kifua chake kinawaka moto na anauzima kwa maziwa. Nikaona kama aliye mzima anao, mimi je? Kesho yake tukafunga karakana, tukaenda hospitali wote wawili.

Mimi niliteremshiwa mpira wenye kamera. Huko barabarani nasimulia kwamba niliumeza kama tambi na madaktari wakapiga makofi. Wewe nakuambia kweli: nililia. Wakakuta wadudu wale wale, na kidonda kinavuja damu. Saratani hakuna. Daktari alisema ningechelewa kidogo tu, ningeletwa nimebebwa.

Kwa hiyo, mwanangu, kwa kikopo kimoja umetibu watu wawili, na mmoja hukumjua hata jina. Nisamehe kwa udanganyifu. Asante kwa kunisumbua.

Chuma anakusalimu, anaona haya kukuandikia mwenyewe. Mpime na mama yako. Tumekula sahani moja tangu utotoni. Ila usimame mlangoni mpaka atoke na kikopo, maana yule ni dada yangu.

Ni mimi mjomba wako, mzima kweli kweli,
Fundi Makochi