Mita kwa Zuhura, Mfuko wa Waya Kwangu

Shikamoo, Fundi.

Marahaba yako sitaisikia, najua, lakini miaka tisa sikuwahi kukaa mezani kwako kabla ya kukuamkia, na sitaanza leo. Nakuandikia nikiwa Maili Moja, kwenye meza niliyojibanza mbele ya duka la madaftari. Kwenye fremu yetu ya ufundi siku hizi wanauza chipsi. Harufu ya mafuta inanifikia hapa nikifungua kompyuta za watu.

Nina jambo la kukuambia, na si zuri. Nina wivu. Nilikuwa nao tangu ukiwa hai, ila ulipoondoka ulizidi, na mwezi huu umeharibu kitu chako.

Siku ya arobaini yako, kule Kisarawe, hitima ilipokwisha na masinia yameshaondolewa, Mama, mkeo, alituita sisi wanafunzi wako wawili, mimi na Zuhura, chumbani akasema uliacha wasia. Nikakaa sawa. Nilijua mita ni yangu. Ile ya njano, yenye kona iliyoyeyuka siku ulipoiegemeza kwenye kichomeo, uliyonifundishia kupima umeme wakati Zuhura hata bisibisi hajaishika. Mama akaifungua kwenye kitambaa, akampa Zuhura. Mimi nikapewa mfuko wa salfeti uliojaa waya za pawa saplai. "Huu kasema wa Idrisa," akaniambia. Nikashukuru huku meno yakiwa nje. Kidogo niusahau stendi kwa makusudi.

Miaka tisa, Fundi. Yeye mitatu. Yeye ulimwita "mwanangu", mimi "we Idrisa". Akiuliza swali ulikuwa unaweka chini kikombe cha chai ili umjibu vizuri. Mimi sikuuliza. Niliangalia mkono wako nikafuatisha, nikidhani hiyo ndiyo heshima, na hakuna kikombe kilichowekwa chini kwa ajili yangu.

Sasa watu wanatoka Soga na mashine zao kwenye bodaboda, wanasimama mbele ya meza yangu, wananiuliza: "Samahani kaka, kwa Fundi Zuhura ni wapi?" Nawaonyesha njia ya Tangini, anakofanyia kazi nyumbani kwao. Mmoja nilimwonyesha njia ya upande mwingine kabisa. Mungu anisamehe.

Basi Mama akanipigia. Kompyuta yako ya pale sebuleni imegoma kuwaka, na picha zote zimo humo. "Nataka kumwona baba yenu," alisema. Alinipigia mimi, si Zuhura, nami nikaruka. Niliibeba mapajani mpaka Kibaha, maana nilitaka niimalize peke yangu na sifa ziwe zangu.

Pawa saplai, lile sanduku la kugawa umeme ndani ya kompyuta, ilikuwa imekufa. Nikapata nyingine iliyotumika, nzima, lakini ni ya aina ile ambayo waya zake zinachomoka pande zote mbili, na waya wa kupeleka umeme kwenye diski haukuwepo. Nikaukumbuka mfuko wako.

Nakumbuka pia ulivyokuwa ukisema: "Upande wa diski usiogope, zote zinafanana. Upande wa sanduku, kila kiwanda kimepanga pini kinavyotaka, hata kama plagi inaingia." Ndiyo maana ulichana khanga kuukuu za Mama, ukafunga kipande kwenye sanduku na kipande cha khanga hiyohiyo kwenye waya zake. Waya usio na kitambaa ulitukataza kuugusa mpaka upimwe, kwa sababu zote nyeusi tii, na macho hayawezi kujua wapi pana volti tano na wapi kumi na mbili.

Niliochukua haukuwa na kitambaa. Uliingia kwenye sanduku ukabana vizuri, kama umezaliwa nalo. Mita yangu ya bei rahisi ilishakufa zamani, na ya kuazima ilikuwa Tangini. Dakika kumi na tano kwa miguu, Fundi. Sikwenda. Sikuweza kumpigia Zuhura hodi ili niazime kitu ambacho moyoni nilikiita changu.

Kompyuta yako ina diski mbili za kuhifadhia, ya zamani na mpya, nami nilikumbuka kufunga moja tu kwanza, kama ulivyotuzoesha. Nikafunga ile ya zamani, mpya nikaiacha pembeni. Nikawasha. Ikalia "pa" ndogo, halafu nikasikia harufu ambayo sote wawili tunaijua.

Ndipo nikaenda Tangini. Zuhura hakunicheka, na hilo nalo liliniuma. Aliuchomeka waya ule kwenye sanduku bila diski, akapima. Pini ya volti tano ilikuwa inatoa kumi na mbili. Nikamuuliza, kwa hasira, kwa nini ulimpa yeye mita. Akasema kwamba hata yeye alikuuliza ulipokuwa kitandani, nawe ulimjibu: "Idrisa ana mikono, ila haulizi. Nikimpa vyote viwili hatagonga mlango wa mtu."

Nilikukasirikia. Bado nimekukasirikia kidogo.

Tulipata kwenye mfuko waya unaofaa, tukaupima mara mbili, tukafunga diski mpya. Picha zikafunguka. Zote ni za miaka mitatu hii, Zuhura yumo karibu kila mahali. Ile miaka sita ya mimi na wewe tu, siku tulipopaka fremu rangi ukamwagikiwa kichwani, na wewe na Mama kabla ya mvi, ilikuwa kwenye diski niliyoichoma. Miaka niliyokuwa nikijivunia kwa Zuhura ndiyo hiyo niliyoichoma kwa mkono wangu, kwa kumkwepa yeye.

Nilikwenda Kisarawe kumwambia Mama mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, akasema: "Kwa hiyo Tangini palikushinda." Chai ile niliinywa yote.

Sasa kuna tumaini dogo. Zuhura amepima ubao wa ile diski, anadhani kijidude kimoja cha kinga ndicho kilichopokea kishindo, na picha huenda ni salama. Kinatakiwa king'olewe bila kugusa vya jirani. "Mkono wangu unatetemeka, Kaka Idrisa," alisema. "Wako hautetemeki." Tutafanya Jumamosi. Ataleta mita, nami nitaleta mfuko. Mama ametupa khanga nyingine, na tumeanza kupima waya mmoja mmoja na kuufunga kitambaa chake.

Nakuahidi sitawasha kitu kabla sijauliza. Kwamba wivu utakwisha, hilo siwezi kukuahidi. Jana kijana wa bodaboda alimuulizia "Fundi Zuhura" na nikatamani kumwonyesha ile njia ya upande mwingine. Lakini nilimpeleka mwenyewe mpaka mlangoni.

Pumzika, Fundi wangu. Picha zikipatikana, ile ya siku ya rangi nitaichapisha mbili. Moja ya Mama. Nyingine nitampa Zuhura aibandike ukutani kwake, ili kila akiinua macho kutoka kwenye mita ajue nilitangulia.

We Idrisa